Saa Iliyopanda Newala

Siku za Jumapili, inapokaribia saa saba mchana, mtu aliyepita mbele ya kibanda cha Optatus fundi saa pale Masasi na akathubutu kukohoa, aliangaliwa kama amekohoa katikati ya maziko. Ndani, watu wawili walikuwa wameinamia redio. Mmoja ni Optatus mwenyewe, kijana wa miaka ishirini na minane, mwembamba, mwenye kioo cha kukuzia kilichobanwa jichoni hata pale ambapo hapakuwa na cha kukuza. Wa pili ni Rajabu, fundi redio wa kibanda cha jirani, mtu mnene na mwenye maneno mengi saa zote za juma isipokuwa hizo dakika tano. Redio ilikoroma, ikapiga mluzi, ikakoroma tena, kisha kutoka London ikaja milio sita: mitano mifupi, wa sita mrefu. Ulipoanza ule mrefu, Optatus aligonga meza kwa kidole huku jicho likiwa kwenye saa ya ukutani.

"Nusu sekunde mbele," alisema.

"Toa njia," Rajabu alisema.

"Njia gani?"

"Ya kutoka London. Huo mlio haukuzaliwa humu ndani ya redio. Umesafiri. Nimekupigia hesabu: ikate sekunde vipande elfu moja, uchukue ishirini na saba."

"Rajabu, mimi nasoma saa kwa jicho. Vipande ishirini na saba nitavionea wapi?"

"Usivione. Vitoe tu. Nyinyi Wamakua ndivyo mlivyo, kitu kikiwa kidogo mnasema hakipo."

"Na nyinyi Wayao kikiwa kidogo mnakifanyia sherehe."

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Maduka yaliyokuwa matupu yalijaa, na minadani saa za mkononi ziliuzwa kwa mafungu kama nyanya. Zilikuwepo za plastiki, za rangi ya dhahabu, na za kupiga muziki mwenye nayo akiwa kanisani. Mtu saa yake ikifa hakuileta tena kwa fundi, alikwenda mnadani kuchukua nyingine. Optatus alibaki na kazi chache na muda mwingi, na muda ule aliutumia kuupenda muda. Rajabu naye aliambukizwa. Kutoka kwa mchuuzi wa mitumba ya vyombo, aliyedhani anauza deki ya video iliyokosa mdomo, alijipatia mashine ya kuhesabu mitetemo, yenye tarakimu nyekundu. Tangu siku hiyo hakuna mwenye saa mpya aliyepita salama.

"Lete hiyo nipime," alikuwa akimwambia mtu. "Ndani yake kuna kijiwe kinachotetemeka mara elfu thelathini na mbili mia saba sitini na nane kwa sekunde. Umeona? Chako kinatetemeka mara moja zaidi."

"Ni ugonjwa?"

"Kwa mwezi utakuwa mbele dakika moja na ushei."

"Basi nitawahi," mtu angejibu, na kuondoka akiwa na furaha. Rajabu angebaki akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli.

Mtu mmoja tu katika wilaya za Masasi na Newala hakuwacheka. Huyo alikuwa Mzee Reginald wa Newala, mstaafu wa posta aliyepiga simu za maandishi kwa miaka thelathini na moja. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi aliteremka Masasi na kaptula yake ya kaki iliyopigwa pasi, akakaa kibandani, akaunyoosha mguu wake mbovu, akatoa daftari, na watatu hao wakaulizana habari za sekunde zao kama watu wengine wanavyoulizana habari za watoto. Siku moja aliteremka na mpwa wake Oliva, mwalimu wa hesabu na fizikia katika sekondari moja ya kule juu. Oliva alimsikiliza Optatus akieleza jambo fulani kwa kirefu, akasubiri amalize, kisha akasema kwa upole, "Umegawanya ulipotakiwa kuzidisha." Optatus aliangalia karatasi. Alikuwa amegawanya kweli. Kuanzia siku hiyo hakulala vizuri.

Barua zilikwenda na kurudi kwa miezi minane na malori ya korosho, na hesabu zilipungua humo kidogo kidogo, mambo mengine yakaongezeka. Hatimaye Optatus alivaa shati jeupe, akapanda Newala kuposa.

Kwa Wamakonde mwenye neno juu ya binti ni mjomba wake. Mzee Reginald alimpokea ndani, akaitikia shikamoo yake, akamkalisha. Mama Oliva, dada wa mzee huyo, alikaa pembeni akichambua kunde na kusikiliza kila kitu.

"Zamani," Mzee Reginald alisema, "aliyetaka binti wa nyumba hii alikuja na jembe. Analima kwa wakwe msimu mzima, sisi tunamtazama. Hatukukosa wa kulima. Tulitaka kumwona akichoka. Mtu humjui mpaka umwone amechoka."

"Niko tayari kulima, mzee."

"Nimeiona mikono yako. Utaiumiza mihogo." Akaelekeza kidole ukutani. "Ile unaiona?"

Ilikuwa saa ndefu ya mbao, ya kizamani, yenye pendulamu, ule ufito unaobembea na kisahani cha shaba chini. Mzee aliinunua wamisionari walipouza vitu vyao vya zamani. Wiki hii ilikimbia dakika nne, wiki ijayo ilizubaa tatu.

"Ichukue. Itengeneze huko kwako. Ikiwa tayari ilete hapo hapo ukutani. Ukishaitundika, hakuna mkono utakaoigusa ila wangu, wa kutia ufunguo. Siku kumi. Ikikosea zaidi ya sekunde kumi, tutabaki marafiki wa Jumamosi. Ikikosea chini ya hapo, njoo na wazee wako."

"Kaka," Mama Oliva alisema, "wenzio wanataka mbuzi."

"Mbuzi hana mshale wa sekunde."

Optatus aliitengeneza saa ile miezi mitatu. Alikwangua kutu, akachonga meno mawili mapya ya gurudumu, akabadilisha mafuta. Kisha akafikia kwenye ufito. Ulikuwa wa chuma, na chuma kikipata joto hurefuka, saa ikazubaa; kikipata baridi hufupika, saa ikakimbia. Alimwendea mchonga vinyago mmoja, akamwomba amchongee ufito wa mpingo, mnyoofu kabisa, usio na sura ya mtu wala ya shetani. Mchongaji aliuliza mara tatu kama kweli hataki hata kijisura kidogo. Optatus aliuchovya ufito katika mafuta ya nta wiki nzima ili usinywe unyevu, akaufunga, akaanza kurekebisha nati ndogo chini ya kisahani, robo ya mzunguko leo, nusu ya robo kesho, kila siku kwa milio ya saa saba mchana.

Siku kumi na nne za mwisho saa ile ilikosea sekunde moja. Moja katika siku kumi na nne.

"Umeshaoa," Rajabu alisema. "Tafuta sufuria."

Saa ilipanda Newala katika lori la bati, mbele kwa dereva, imesimama wima katika sanduku refu lililofungwa blanketi, Optatus akiwa ameikumbatia. Walipopumzika Chiungutwa wanaume wawili walivua kofia, na mama mmoja akasogea dirishani, akasema, "Poleni sana." Optatus, kwa kuogopa maelezo marefu, alijibu, "Tumeshapoa, mama."

Akaitundika mwenyewe, akaiweka sawa kwa chupa ya maji, akaiseti kwa milio, akaaga. Njia nzima ya kushuka aliimba.

Siku ya nne dereva wa lori alimletea kikaratasi. Mwandiko ulikuwa wa Oliva: *Iko nyuma sekunde kumi. Umefanya nini?*

Optatus alikaa chini. Alisoma kikaratasi kile kama mtu anayesoma jina lake katika orodha ya waliofeli. Kumi zote zilikuwa zimekwisha kwa siku nne, na sita bado.

"Ni baridi ya kule," Rajabu alisema.

"Baridi ingeikimbiza."

"Basi ni lori, limeitikisa."

"Ilianza vizuri mbele ya macho yangu."

Rajabu akashusha sauti. "Sasa sikiliza. Oliva yuko ndani ya nyumba ile. Mzee anakwenda shambani asubuhi. Kidole kimoja, sekunde kumi na tano mbele, siku ya tisa. Nani anajua?"

Optatus alitoa kalamu, akaandika *Mpenzi Oliva, mjomba akiwa shambani*, akasimama hapo. Alijaribu kuwaza maisha yake yote ya mbele, Jumamosi kwa Jumamosi, amekaa na Mzee Reginald na daftari lake, huku ndani ya nyumba yake mwenyewe kuna sekunde kumi na tano za wizi. Akachana karatasi vipande vidogo, na kwa kuwa Rajabu alikuwa anamtazama, akavitia mfukoni.

"Ungezaliwa tajiri ungeangamiza ukoo," Rajabu alisema, lakini siku ya kumi alifunga kibanda chake akapanda naye.

Siku hiyo walikaa wote sebuleni: Mzee Reginald kwenye kiti chake, Mama Oliva mkekani, Rajabu karibu na mlango, Oliva nyuma ya mama yake, kimya, kwa sababu siku ya namna hiyo binti anayezungumziwa hazungumzi. Redio ikakoroma. Milio ikaja.

"Soma wewe," Mzee Reginald alisema.

Optatus alisoma. "Iko nyuma sekunde ishirini na tano, mzee."

"Ukitoa njia ya London," Rajabu alianza.

"Rajabu."

"Nimenyamaza."

Mzee Reginald alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Nilisema kumi."

"Ulisema kumi, mzee."

"Na hukuniomba nyongeza, wala hukuja kuning'ong'oneza kwamba saa ni kuukuu." Alifungua daftari, akamgeuzia. "Tazama hapa."

Optatus alitazama. Siku ya kwanza, mbili na nusu. Ya pili, tano. Ya tatu, saba na nusu. Ya nne, kumi. Ziliteremka hivyo hadi chini ya ukurasa, mstari kwa mstari, mbili na nusu, mbili na nusu, kama mtu anayeshuka ngazi gizani bila kujikwaa.

"Saa mbovu hurukaruka," Mzee Reginald alisema. "Leo inakosea moja, kesho tano. Nimekaa na saa mbovu maisha yangu yote. Hii haikuruka hata siku moja. Sijawahi kuona kosa lililotulia namna hii."

"Marehemu baba yake Oliva angekosea namna hiyo," Mama Oliva alisema bila kuinua macho, "ningezeeka polepole. Kila siku unajua atachelewa kiasi gani, unapanga wali wako."

"Dada, hapa tunazungumza sayansi."

"Na mimi naizungumza."

Mzee Reginald aligeukia tena saa. "Sharti ni sharti. Sikulivunja kwa ajili ya mtu miaka thelathini na moja, sitalivunja leo. Lakini simfukuzi mtu bila kujua nini kimetokea. Huko chini ilikwendaje?"

"Sekunde moja katika siku kumi na nne."

"Hapa ishirini na tano katika kumi. Saa ile ile."

"Ile ile, mzee. Sijaigusa."

"Husuda," Rajabu alisema. "Kuna mtu hapa Newala hataki."

"Husuda haiendi kwa nusu nusu," Mzee Reginald alisema.

Nyuma ya mkeka kulisikika karatasi ikichanwa. Oliva alikuwa ameandika kwenye goti. Mama yake alimkata jicho. Oliva aliliona jicho lile, akaliheshimu kwa muda wa pumzi mbili hivi, kisha akasimama.

"Mjomba, naomba radhi. Ni mlima."

Watu wote walimtazama.

"Pendulamu inabembea kwa sababu dunia inaivuta," Oliva alisema. "Ukipanda juu unakuwa mbali zaidi na katikati ya dunia, mvuto unapungua. Ukipungua, pendulamu inabembea taratibu. Optatus aliirekebisha kwa mvuto wa Masasi, akaileta kwenye mvuto wa Newala. Saa haina kosa. Imepandishwa tu."

"Unataka kuniambia," Mzee Reginald alisema polepole, "kwamba vitu vya huku juu ni vyepesi kuliko vya Masasi."

"Kidogo mno, mjomba. Huwezi kuhisi."

"Nilijua," Mama Oliva alisema, akaweka ungo chini. "Nilijua kuna kitu na mizani ya wale wanunuzi wapya wa korosho. Gunia likitoka nyumbani limejaa, likifika kwao limepungua."

"Hapana, mama. Yale ni mambo mengine."

"Mlima unaweza kuwa nao kundi moja."

Optatus hakusikia hayo. Alikuwa anamtazama Oliva na kile kikaratasi chake, na moyoni alikuwa anajiuliza ilikuwaje yeye, aliyefikiria joto, baridi, unyevu, mafuta, lori na meno ya gurudumu, asifikirie mlima wenyewe ambao amekuwa akiupanda na kuushuka kwa ajili yake miezi yote ile.

"Ni maneno mazuri," Mzee Reginald alisema. "Yamo kitabuni?"

"Yamo."

"Kitabu hakikuwahi kufika Newala. Mimi nitaona kwa macho yangu." Akasimama, akaiteremsha saa ukutani kwa mikono yake mwenyewe. "Nakwenda nayo Masasi. Nitakaa nayo siku kumi. Nati haiguswi. Ikirudi kwenye mstari, nitaamini mlima. Isiporudi, kijana, utanisamehe."

Hivyo ndivyo Optatus alivyompata mjomba wa mchumba wake kama mgeni kwa siku kumi katika nyumba ya chumba kimoja. Mzee alipewa kitanda, Optatus akahamia kibandani kati ya redio za Rajabu. Kila asubuhi alikwenda kumsalimia na uji, na kila asubuhi Mzee Reginald aliitikia marahaba, akauonja uji, akasema, "Umewahi dakika tatu," kwa sauti ambayo Optatus hakujua kama ni sifa au lawama. Mchana mzee alikaa kibandani kwa Optatus, chini ya saa yake. Wateja wakija aliwauliza saa zao zinakosea kiasi gani kwa siku, na wasipojua aliwaonea huruma waziwazi. Kijana mmoja alileta saa ya muziki iliyokwama katikati ya wimbo. Mzee Reginald alimsikilizisha nasaha ya nusu saa juu ya uaminifu wa vitu vidogo, na kijana alipoondoka alikuwa ameisahau saa mezani.

Rajabu alipewa cheo. Yeye ndiye aliyeshika redio, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alipata mtu wa kumsikiliza.

"Ukitoa njia," alisema siku ya kwanza, kwa uoga.

"Kiasi gani?" Mzee Reginald aliuliza.

"Vipande ishirini na saba katika elfu, mzee."

Mzee aliandika. Rajabu alitoka nje, akasimama uani peke yake kwa muda.

Siku ya tatu saa ilikuwa haijakosea hata nusu sekunde. Siku ya tano vilevile. Optatus hakuthubutu kufurahi. Alipika, akafagia, akachota maji, akasugua sufuria. Mzee alikuwa akimtazama tu kutoka kitini, naye Optatus hakujua kwamba ndilo jembe lenyewe, na kwamba anatazamwa akichoka.

Siku ya kumi, saa saba mchana, milio ikaja. Mzee Reginald alisoma mwenyewe. Akasoma tena. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona kwa miaka yote ya Jumamosi za kwanza: akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kilichokaa ndani muda mrefu, na kilipotoka kilimtikisa mabega.

"Sekunde moja," alisema. "Moja. Mlima, bwana. Miaka sitini na nne nimekaa juu ya mlima ule nikidhani ni mahali pa kukaa tu. Kumbe unashika saa mkono."

Alimshika Optatus bega. Optatus alikaribia kulia.

"Kosa si lako," Mzee Reginald alisema. "Twende nyumbani."

Newala walikusanyika tena sebuleni, saa ikatundikwa pale pale. Optatus alikuwa amevaa lile shati jeupe. Mzee Reginald alieleza yote tangu mwanzo, hata ya uji, na Oliva akaketi na daftari la mjomba magotini akipiga hesabu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

"Mjomba," Oliva alisema, "kwa hesabu ya kitabu, sekunde mbili na nusu kwa siku ni mita mia moja themanini na kitu. Lakini ramani ya ukutani shuleni inaonyesha Newala iko juu ya Masasi zaidi ya hapo."

"Kwa nini?"

"Nadhani ni kwa sababu mlima wenyewe ni jiwe na udongo. Nao unavuta. Unaturudishia kidogo ya kile tulichopoteza."

Macho ya Mzee Reginald yaliwaka mwanga ambao dada yake aliutambua tangu utotoni, akaanza kuwa na wasiwasi.

"Basi tupime," alisema. "Siku kumi Chiungutwa, chini kabisa. Siku kumi Mnyambe. Siku kumi Tandahimba. Tutaujua mlima huu mzima, unavuta wapi na unaachia wapi. Kiangazi ndiyo kwanza kinaanza, barabara ni kavu."

"Na posa?" Mama Oliva aliuliza.

"Posa haina haraka. Mvua ndiyo ina haraka."

Optatus alijikohoza. "Mzee, kwa lile sharti, naweza kuzungusha nati hii kidogo sana, chini ya nusu ya robo. Itakuwa saa ya Newala. Baada ya siku kumi itakuwa ndani ya sharti, na…"

"Usiiguse." Mzee Reginald alijiweka kati yake na ukuta. "Ukigusa nati tumepoteza kipimo. Masasi tumeshapima kwa nati hii, na hapa pia. Haiguswi mpaka tumalize mlima."

"Lakini isipoguswa, hapa itachelewa ishirini na tano daima."

"Ndiyo."

"Na sharti ni kumi."

"Ndiyo."

"Sasa mimi nitaoa lini?"

Ilionekana Mzee Reginald hakuwa amelitazama jambo hilo kwa upande huo.

"Watu wengine wanakataliwa kwa sababu ya dini," Rajabu alisema karibu na mlango, "wengine ukoo. Wewe umekataliwa na jiografia."

Oliva alifunga daftari. Safari hii hakumtazama mama yake kwanza.

"Mjomba, huko Tandahimba nani atapiga hesabu?"

"Wewe."

"Nani ataitundika saa na kuiweka sawa?"

"Fundi, bila shaka."

"Siku kumi Tandahimba, kumi Mnyambe, kumi Chiungutwa. Mimi na fundi. Tutafikia kwa nani?"

"Mtafikia kwa watu tofauti. Nina jamaa kila mahali."

"Na saa itafikia kwa nani? Ikiwa kwake, milio mimi sitaisikia. Ikiwa kwangu, ikisimama hakuna wa kuigusa. Au mjomba atakuja kukaa nasi siku thelathini, na mguu wako huo?"

Mzee Reginald aliutazama mguu wake kama vile ndio uliomsaliti.

"Saa hii inataka nyumba moja yenye watu wawili," Oliva alisema. "Mmoja wa hesabu, mmoja wa ufundi. Watu wawili wasiooana hawawezi kukaa nyumba moja Tandahimba, utaona aibu kanisani. Na sharti lenyewe wewe ndiye unayelizuia lisitimie. Aliyeziba njia hamdai mpita njia kwa nini hakufika."

Saa iliendelea kubembea ukutani, ikichelewa kwa kiasi chake.

Optatus alitaka kusema kitu, chochote, cha kumsaidia. Alikuwa na maneno mengi aliyoyapanga njia nzima, juu ya heshima, na subira, na jinsi alivyochana barua moja ambayo hatamwambia mtu kamwe. Lakini alimwona Oliva amesimama mbele ya mjomba wake, mikono imetulia, kidevu kimeinuka kidogo, akaona kwamba hesabu hiyo haina kosa na haihitaji mtu wa kuizidisha wala kuigawanya.

Mzee Reginald alitazama saa. Akamtazama Optatus kwa muda mrefu, mikono yake ile isiyofaa kwa mihogo, na kucha zilizoharibiwa na siku kumi za kusugua sufuria. Akahema.

"Sharti nimeliondoa," alisema. "Andikeni. Jumamosi ya tatu ya Agosti. Jumatatu yake saa inaondoka kwenda Mnyambe, na nyinyi mko nayo, sitaki kusikia habari za fungate."

"Asante, mzee," Optatus alisema.

"Mjomba," Mzee Reginald alimsahihisha.

"Asante, mjomba."

"Ibada iwe saa nne asubuhi. Saa nne kamili."

Mama Oliva alikuwa ameshainuka na ungo wake, ana mengi ya kufanya na wanawake wa kuwaita. Alisimama mlangoni.

"Saa nne ya wapi, kaka?" aliuliza. "Ya huku juu, au ya Masasi?"

Mzee Reginald alifikiri kwanza.